Vipande vitatu kwenye kopo: kisa cha baiskeli ya umeme iliyokula cheni

Kwenye kopo la maziwa ya unga chini ya meza yangu ya kazi, hapa Walukuba, Jinja, kuna vipande vitatu vya cheni. Mnunua vyuma chakavu hawezi kunipa hata shilingi mia kwa vyote, lakini sivitupi. Vilitoka kwenye baiskeli moja ya umeme, ya Hajati anayeoka mikate, na vyote vilikatika ndani ya wiki saba. Kisa chake nakiandika kwa sababu mafundi wenzangu wawili wamekwisha kuniletea baiskeli za aina hiyo wakiwa na lawama ileile niliyoanza nayo mimi: mota ina nguvu kupita kiasi, basi.

Kwanza baiskeli yenyewe. Ni ya gia saba, matairi inchi 26, imefungwa mota ya wati 750 katikati, pale zinapozungukia pedali. Betri ni ya volti 48. Nyuma ina keria ya chuma inayobeba kreti mbili za mikate. Mwendeshaji ni kijana, mtoto wa kaka yake Hajati. Anatoka alfajiri, anashika barabara ya Iganga, anapita Bugembe na Wairaka, kisha anaingia njia za vumbi za mashamba ya miwa Kakira, ambako wafanyakazi wanamsubiri na chai. Saa nne asubuhi amesharudi. Skrini ya baiskeli husoma kilomita 38 kwa siku, wakati mwingine 40. Betri anachaji nyumbani, na bwawa la Nalubaale lililofunguliwa mwaka 1954 halipo mbali, ingawa ukaribu huo haujawahi kutuzuia sisi wa Jinja kukatiwa umeme.

Hapo pa "katikati" ndipo penye mzizi wa jambo, kwa hiyo nipaeleze. Baiskeli nyingine za umeme zina mota ndani ya gurudumu la nyuma. Hizo zinasukuma gurudumu moja kwa moja, na cheni inabaki na kazi yake ya zamani ya kupokea miguu ya mtu tu. Mota ya katikati haifanyi hivyo. Inazungusha gia ya mbele, na nguvu yake yote inapita kwenye cheni pamoja na ya miguu. Faida yake ni kwamba mota inatumia gia za nyuma kama gari linavyotumia giaboksi, hivyo mlima na mzigo haviisumbui sana. Hasara yake ndiyo hii iliyojaza kopo langu.

Baiskeli ilinunuliwa Januari. Cheni iliyokuja nayo haikukatika. Katikati ya Aprili ilianza kuruka: kijana akikanyaga kwa nguvu, inateleza juu ya meno, krrk, na pedali inaanguka mbele. Nikaivua, nikafunga mpya ya shilingi 25,000. Ilidumu wiki tano, ikakatika Bugembe kwenye mwinuko, kreti mbili za mikate zikiwa mgongoni. Nikaiunga. Siku nne baadaye ikakatika tena. Nikafunga nyingine mpya. Hiyo ilifika siku tisa.

Siku hiyo ya tisa Hajati hakumtuma kijana. Alikuja mwenyewe, akakaa kwenye benchi, akaniangalia nikisafisha mikono.

"Fundi, niliacha boda ili nipumzike na petroli. Sasa nanunua cheni kwa bei ya petroli."

"Hajati, hii mota ni kali. Cheni za hapa ni nyepesi."

"Sawa. Na wewe ulipoiunga wiki ile, uliunga na nini?"

Sikulijibu swali lake. Nilisema nitaangalia vizuri, aniachie baiskeli siku mbili.

Majirani nao walikuwa na yao. Vijana wa stegi ya boda walisema tupunguze nguvu ya mota. Aliyeiuza Kampala alisema kwa simu kwamba tunatumia cheni feki. Mzee mmoja, fundi wa siku nyingi ambaye namheshimu, akashauri tufunge cheni ya pikipiki na tumalize maneno. Wazo lake linavutia ukilisikia mara ya kwanza. Cheni ya boda nyingi za huku ni namba 428, na ile 4 ya mwanzo maana yake ni nane za inchi, yaani 4/8, nusu inchi kutoka pini hadi pini. Ya baiskeli nayo ni nusu inchi, kwa hiyo meno yangeingia. Lakini 428 ni nene na pana. Gia saba za nyuma zimebanana, na cheni hiyo ukiiweka kwenye gia moja inagusa ya pili, wala kibadilisha gia hakiwezi kuipitisha. Ningelazimika kung'oa gia zote na kubaki na moja. Hilo nitalirudia.

Kabla ya kuikubali hoja ya nguvu ya mota nilitaka kuipima. Karatasi ya mota inasema msukumo wake wa kuzungusha unafika niutoni-mita 120. Gia ya mbele ina meno 46, na kutoka katikati yake hadi kwenye cheni ni kama sentimita 9.3. Ukigawanya, cheni inavutwa kwa nguvu inayolingana na kuning'iniza mzigo wa kilo 130 hivi. Ni nyingi. Lakini mchukue mtu wa kilo 70 asimame kwa uzito wake wote kwenye pedali moja, yenye mkono wa sentimita 17. Yeye naye anaivuta cheni kwa karibu kilo 128. Na cheni ya baiskeli iliyo nzima, hata ya gia nyingi, inatakiwa ihimili zaidi ya kilo 800 kabla ya kukatika.

Hesabu hiyo niliiandika kwa chaki ukutani na nikaitazama muda mrefu. Mota haizidi mtu mzito anayepanda mlima akiwa amesimama. Tofauti ni kwamba mtu husimama hivyo kwa hatua chache akachoka, mota inavuta dakika nzima bila kupumua. Kwa hiyo mota inaweza kuichosha cheni haraka, kuilegeza, kuila. Kuikata cheni mpya ya siku tisa kwa kuivuta tu, hapana. Kuna mahali palikuwa dhaifu tayari.

Nikaanza na tepu. Cheni hupimwa kwa pingili, kama muwa. Kutoka pini moja hadi pini ya 24 baada yake, cheni mpya ina inchi 12 kamili. Ikifika inchi 12 na 1/16 imelegea nusu ya asilimia, na mimi sasa huitoa hapo. Ikifika 12 na 1/8, yaani asilimia moja, imeshaanza kuharibu meno ya gia. Ile ya kwanza, iliyokuwa ikiruka, nilikuwa bado ninayo kwenye msumari ukutani: inchi 12 na zaidi ya 1/8. Imekufa kifo cha kawaida, kwa zaidi ya kilomita elfu tatu, tena chini ya mikate. Ya pili: 12 na karibu 1/16. Ya tatu: 12 kamili. Haikulegea hata kidogo, na bado ilikatika. Basi uchakavu ulikuwa kesi moja, na kukatika kesi nyingine, nami nilikuwa nimezifunga katika jalada moja.

Friwili, yaani lile fungu la gia za nyuma, ilikuwa na habari zake. Ina gia saba, kubwa ina meno 28, ndogo 14. Ile ya 28 ilikuwa bado na rangi yake ya kiwandani, kama haijawahi kuguswa. Ya 24 vilevile. Ya 14 ilikuwa imechongoka meno yakawa kama miiba, yameinama upande mmoja. Kwa maneno mengine kijana alikuwa na gia saba lakini karibu muda wote anatumia moja, ile ya mbio, tangu anaondoka mlangoni kwa shangazi yake hadi Kakira, na milima anaianza kwa hiyohiyo. Kwenye gia ya meno 14 cheni inashikwa na meno kama saba tu kwa wakati mmoja, na kila pingili inakunjwa kwa pembe kali zaidi inapopita. Mota nayo ikianza kuvuta mzigo kutoka kusimama kwa gia hiyo inalazimika kutoa nguvu yake yote muda mrefu zaidi. Kosa langu la kwanza lilikuwa hapo: Aprili nilibadilisha cheni nikaiacha friwili iliyochakaa. Meno yaliyoliwa na cheni ndefu hayakai sawa na cheni mpya. Yanaikuna.

Nikapaka kidole kwenye cheni. Nyeusi, nzito, na ukisugua kidole kwa kidole unasikia mchanga. Kijana alikuwa akiipaka oili chafu ya injini kutoka kwa mafundi wa boda, kila Jumapili, kwa moyo wote. Oili hiyo ikikutana na vumbi jekundu la njia za miwa inakuwa kama msasa wa maji, unaingia kati ya pini na rola, kile kibomba kidogo kinachoizunguka, na kusaga. Huo ndio uliomaliza cheni ya kwanza. Simlaumu, maana hata mimi nimewapaka watu oili hiyo kwa miaka.

Kisha nikamwaga vile vipande vitatu mezani.

Jirani yangu anatengeneza saa, akaniazima ile lenzi yake ya jichoni. Pini iliyotoka kiwandani ina ncha zilizogongwa zikatanuka kidogo juu ya bamba la pembeni, kama kichwa cha msumari kilichopondwa. Kichwa hicho kidogo ndicho kinachozuia bamba lisichomoke. Kwenye vipande vyote vitatu, bamba lilikuwa limechomoka upande mmoja, limejikunja nje kama kifuniko cha kopo, na pini ya hapo haikuwa na kichwa. Ncha yake ilikuwa laini, na pembeni yake umening'inia utepe mwembamba wa chuma kama ukucha uliokatwa. Tundu la bamba nalo halikuwa duara tena. Lilikuwa yai.

Hizo pini nazijua. Nilizisukuma mimi.

Cheni mpya huja ndefu kuliko inavyohitajika. Zile za 25,000 zilikuja mfukoni bila loki, kile kiungo cha kufungia cheni bila kugonga pini. Nilizikata nilivyozikata maisha yangu yote: msumari butu, nyundo, pini inasukumwa nusu, unapunguza pingili, unaiunga, unaigonga pini irudi. Sasa, njia hii nilijifunzia kwenye baiskeli nyeusi za mzigo, zile ambazo ndizo zilizoanzisha bodaboda kule mpakani Busia kabla ya pikipiki. Cheni ya baiskeli hizo ni ya gia moja, pana, mabamba yake manene, na pini yake inatokeza nje vya kutosha. Unaigonga, inarudi, unaipiga tena kichwa kidogo kwa nyundo, inakaa miaka. Cheni ya gia saba ni nyembamba ili ipite kati ya gia. Pini yake karibu ilingane na bamba. Ukiisukuma mara moja, kichwa chake kinakatwa na tundu, na tundu linatanuka. Ukiirudisha inaonekana imekaa, na hata ukiivuta kwa mkono haitoki. Inachosubiri ni kusukumwa kwa ubavu.

Na ubavuni inasukumwa wakati gani? Kesho yake niliazima cheni ya baiskeli ya mwanangu, nikaifunga na kumfuata kijana hadi Bugembe, mimi kwenye boda nyuma yake. Barabara ile ina malori ya kutoka Malaba, kwa hiyo huwezi kuyumba. Akafika kwenye mwinuko kwa gia yake ya 14, kidole gumba kimebana eksileta hadi mwisho. Mwendo ukaanza kufa. Akabadilisha gia bila kuachia kidole. Nilisikia kutoka mita ishirini: kaa! Kama mtu aliyevunja muwa gotini. Cheni ilikuwa inahamishwa kwenda gia kubwa huku imebeba kilo 130 za mvuto. Inapandishwa kwa pembe, mabamba yanasukumwa nje, na pini yenye kichwa hainyanyuki. Ile niliyoigonga mimi inanyanyuka kidogo kila mlima, mpaka siku inatoka.

Nguvu ya mota ilikuwa kweli, tabia ya kijana ilikuwa kweli, na oili chafu pia. Lakini ukiniuliza nini kiliikata, ni nyundo yangu. Hayo mengine yangeilegeza cheni ndani ya miezi. Nyundo ndiyo iliyoigeuza miezi kuwa siku tisa.

Tulipokaa kutafuta dawa, yule mzee alirudia shauri lake, safari hii kwa cheni nene ya baiskeli ya gia moja: ng'oa gia zote, weka moja ya meno 18, umalize tatizo la kubadilisha. Kwa Walukuba na Masese tu ningekubali mara moja. Kwa njia ya Kakira na kreti mbili nilikataa. Mota ya katikati inapenda kuzunguka haraka. Ukiilazimisha ipande mlima polepole kwa gia isiyofaa, umeme mwingi unageuka joto ndani yake, na cheni utakuwa umeiokoa kwa kuunguza kitu cha bei mara ishirini. Gia zibaki.

Friwili na cheni nilibadilisha pamoja. Cheni hii ya nne niliiagiza kwa dereva wa teksi aendaye Kampala, ikiwa na loki yake, ile ya vipande viwili vinavyoingiana na kujifunga cheni inapovutwa. Nilinunua pia kifaa cha kusukuma pini, ambacho kwa aibu yangu sikuwahi kuwa nacho. Napunguza pingili kwa kifaa, natupa pini iliyosukumwa, naunga kwa loki. Hakuna pini inayorudi. Na kwa wenye baiskeli ya gia moja wanaotumia loki ya klipu: upande uliozibwa wa klipu utazame mwelekeo ambao cheni inakwenda, uliopasuka ubaki nyuma, la sivyo kikwazo kidogo kinaifungua.

Kwenye kibadilisha gia kuna skrubu ndogo mbili zinazoweka mipaka ya mwisho. Ile ya upande wa gia ndogo niliikaza mpaka cheni isiweze kushuka kwenye 14 wala 16. Kijana sasa anaanzia meno 18 kwenda juu. Hapo ndipo tulipogombana.

"Fundi, umeniua. Ilikuwa inafika kilomita 36 kwa saa, sasa inaishia 28."

"Mwanangu, mikate inakimbia kwenda wapi?"

"Wateja wanakunywa chai saa moja kamili, mzee wangu."

"Ondoka dakika kumi mapema."

Hajati alikuwepo, akasema atamwamsha yeye mwenyewe. Yakaisha.

La kubadilisha gia lilitaka ujanja. Zipo mota zinazofungwa kihisio kwenye waya wa gia, kinazima mota kwa kufumba na kufumbua cheni inapohama. Hii haina. Lakini mikono yake ya breki inakata umeme wa mota ukiigusa tu, kabla breki yenyewe haijashika. Nikamfundisha: kabla ya gia, gusa breki ya kushoto kwa kidole kimoja, sikia mota inanyamaza, zungusha pedali nusu, badilisha, achia. Tulifanya mazoezi uwanjani jioni nzima, watoto wakimcheka. Siku ya tatu mkono ulishazoea. Pia anabadilisha kabla ya mwinuko, na akisimama anaanza na kiwango cha pili cha msaada wa mota, si cha tano.

Kuhusu mafuta, nilijaribu kwanza nta ya mishumaa, kuyeyusha na kuzamisha cheni iliyooshwa. Inakaa safi ajabu, vumbi halishiki. Mvua mbili tu na ikaanza kulia kama panya. Kwa kiangazi nitairudia. Sasa hivi ni mafuta ya cherehani, tone moja kwa kila rola, unazungusha, halafu unafuta mpaka nje pakauke kabisa, kwa sababu kazi ya mafuta iko ndani ya pini. Kijana anafanya hivyo Jumatano na Jumapili. Kitambaa anachofutia hutoka chekundu.

Leo cheni ya nne ina wiki nane na kilomita karibu elfu mbili. Asubuhi nimeipima: inchi 12 na kitu ambacho tepu yangu haiwezi kukisoma vizuri, bado haijagusa 1/16. Gia ya 20 inatoa mlio mdogo ambao sijaupenda, nadhani kibadilisha gia kimepinda kidogo tangu ilipoangushwa Wairaka. Nitakinyoosha wiki hii.

Ijumaa iliyopita, baada ya sala, nilimpelekea Hajati shilingi 50,000, bei ya zile cheni mbili nilizoziharibu kwa nyundo. Alizihesabu noti moja moja, akanirudishia 5,000.

"Ya nini, Hajati?"

"Ya loki. Hukunidai."